Mazurka haikuwa pambo: deni la baleti ya Urusi kwa Feliks Krzesiński

Vitabu vingi vya historia ya baleti humtaja Feliks Krzesiński kwa sentensi moja tu: alikuwa baba yake Mathilde Kschessinska, nyota wa Saint Petersburg aliyependana na mrithi wa kiti cha ufalme kabla mrithi huyo hajawa Tsar Nikolai wa Pili. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inamdhulumu mzee huyo, na inawadhulumu wasomaji pia. Krzesiński, ambaye Warusi walimwita Kschessinsky, alizaliwa Warsaw mwaka 1823, akahamia Saint Petersburg mwanzoni mwa miaka ya 1850, akabaki kwenye majukwaa ya dola hadi uzeeni, akiendelea kucheza mazurka, dansi ya Kipolandi, katika umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kustaafu zamani. Hakuwa mwana wa mfalme wa kwenye baleti, yule anayeruka juu na kumnyanyua binti kwa mkono mmoja. Kazi yake ilikuwa dansi ya uhusika, yaani dansi za mataifa zilizopangwa upya kwa ajili ya jukwaa, pamoja na nafasi za wafalme, makhan na machifu zinazochezwa kwa ishara za mikono na uso. Ninachodai ni kwamba kazi hiyo haikuwa pambo la pembeni. Baleti ya Urusi inayosifiwa duniani kote ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya watu wa aina yake, na kwa upande wa mazurka ilikopa kutoka kwa taifa ambalo dola hiyohiyo ilikuwa ikilikandamiza. Mkopo huo hautajwi inavyostahili.

Mtu aliyeona baleti mara moja au mbili kwenye televisheni hukumbuka mabinti waliovaa nguo nyeupe wakisimama kwenye ncha za vidole. Hiyo ni nusu ya onyesho. Baleti za Marius Petipa, Mfaransa aliyekuwa na kauli ya mwisho kwenye jukwaa la Saint Petersburg kwa zaidi ya miaka 30, zilichanganya dansi ya kiklasiki, ya viatu laini, na dansi ya uhusika, ya buti na visigino. Sehemu ya dhifa katika Swan Lake, toleo la mwaka 1895, ina dansi ya Hispania, ya Naples, ya Hungary na mazurka ya Poland. Raymonda ya mwaka 1898 hufika kileleni kwa sherehe ya Kihungaria. Coppélia, iliyozaliwa Paris mwaka 1870, ina mazurka yake. Petipa alipoirudia Paquita mwaka 1881 aliongeza mazurka ya watoto, ikachezwa na wanafunzi wa shule ya baleti, na hadi leo ni miongoni mwa vipande vinavyopendwa zaidi katika kazi hiyo. Kisha kuna Mrembo Aliyelala ya mwaka 1890, muziki wa Tchaikovsky, baleti inayousifu ufalme tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa. Sherehe ya arusi mwishoni mwa baleti hiyo humalizikia kwenye mazurka, na katika onyesho la kwanza kabisa aliyesimama kama Mfalme Florestan alikuwa Krzesiński. Ziondoe dansi hizi zote na utabaki na hadithi zisizo na mahali, watu wazuri wanaoelea bila nchi, bila mwenyeji na bila mgeni. Dansi ya uhusika ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hapa pana dhifa, huyu ni mkubwa, yule ametoka mbali.

Mazurka yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi huisifu au kuidharau bila kujua ugumu wake uko wapi. Muziki una mapigo matatu kama waltz, lakini mkazo haukai kwenye pigo la kwanza. Huhamia la pili, mara nyingine la tatu, na mguu wa mchezaji hauna budi kuufuata pasipo kuonekana unaufuata. Mwanamume humwongoza mwanamke kwa mkono mmoja, akienda kwa hatua ndefu zinazoteleza na kukanyaga, kisha huruka kando na kugonganisha visigino hewani, tendo ambalo Wapolandi huliita hołubiec, halafu hutua bila kuinamisha kichwa hata kidogo. Kifua kiko wazi, bega limegeuzwa kiasi, mkono wa nje uko huru. Anayejifunza huhangaika na miguu, ila aliyekomaa hujulikana kwa shingo na mgongo. Miguu ni farasi, na kiwiliwili ndicho kinachompanda farasi huyo. Hapa ndipo penye jibu la swali la umri. Ngoma ambayo ukuu wake uko kwenye namna ya kujibeba haizeeki upesi kama ngoma ambayo ukuu wake uko kwenye kuruka, na mtu wa miaka 70 na kitu, mwenye mgongo wa kujifunzia tangu utotoni, anaweza kuingia jukwaani akawafunika vijana.

Kuna wanaosema kwamba haya yote hayawezi kulingana na dansi ya kiklasiki, ambayo huhitaji mwili uliosuguliwa kwa miaka na huhesabika kwa ugumu wake. Mwaka 1893 Mwitaliano Pierina Legnani aliwashangaza watu wa Saint Petersburg kwa mizunguko 32 juu ya mguu mmoja katika Cinderella, na mizunguko hiyo ikaingizwa Swan Lake miaka miwili baadaye. Ni jambo la kustaajabisha kweli, wala sina nia ya kulipunguza. Lakini tazama lilivyobadili macho ya watazamaji: tangu hapo watu huketi wakihesabu. Namna mtu anavyomshika mwenzake mkono na kumpitisha mbele ya baraza zima kana kwamba anamkabidhi ufalme haina hesabu, na kwa kuwa haina hesabu, imehesabiwa kuwa si kitu. Kipimo hicho ni kibovu. Krzesiński alikuwa Mfalme wa Nubia katika Binti Farao, alikuwa Khan katika ile baleti ya farasi mdogo mwenye kibyongo, alikuwa Florestan. Nafasi hizo zilimtaka asimame au aketi jukwaani kwa muda mrefu huku kila aliye mbele yake akicheza kwa ajili yake. Ufalme wake ukikosa kuaminika, dansi yote inayochezwa mbele yake inakosa sababu ya kuchezwa.

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi. Mazurka ilitoka mashambani Mazovia, Poland, ikapanda hadi kwenye majumba ya waungwana, ikaingia mijini. Nchi ilikotoka iligawanywa mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, kati ya Urusi, Prussia na Austria, hadi ikafutika kwenye ramani. Mwaka 1797 askari wa Kipolandi waliokuwa uhamishoni Italia waliuimba wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa la Poland, na mdundo wake ni wa mazurka. Chopin aliondoka Warsaw mwaka 1830, hakurudi tena, akaandika mazurka zaidi ya 50. Wiki chache baada ya kuondoka kwake uasi dhidi ya Urusi ulizuka. Ulipozimwa mwaka 1831, Chuo Kikuu cha Warsaw kilifungwa, bunge likavunjwa na jeshi la Poland likafutwa. Hata hivyo jukwaa halikufungwa. Baleti ya Wesele w Ojcowie, kisa cha arusi ya wanakijiji wa Ojców, ilioneshwa mara ya kwanza Warsaw mwaka uleule aliozaliwa Krzesiński, ikaendelea kuchezwa kizazi baada ya kizazi: mavazi ya wakulima wa Poland, hatua zao, furaha yao, mbele ya watazamaji wasio na dola. Watawala walizuia karibu kila chombo cha taifa hilo kujiendesha, wakaacha visigino vigonge.

Tsar Nikolai wa Kwanza, aliyeuzima uasi huo, ndiye aliyeipenda mazurka kiasi cha kutaka wachezaji wa Warsaw waletwe Saint Petersburg, na Krzesiński alikuwa mmoja wao. Arusi ya kijiji cha Poland ikachezwa katika mji mkuu wa dola. Watu wa tabaka la juu walimfuata Krzesiński awafundishe. Alipata jina, nyumba na heshima, na watoto wake watatu, Julia, Joseph na Mathilde, wote wakaingia kwenye baleti ya dola. Katika kumbukumbu zake Mathilde anaisimulia Pasaka ya nyumbani kwao: baba akiwa jikoni akioka mikate ya sikukuu kwa mkono wake mwenyewe, na mezani mwanakondoo aliyetengenezwa kwa siagi. Walikuwa Wakatoliki katika mji wa Waorthodoksi, na desturi zao hawakuziacha. Naona hilo lina uzito katika hukumu yoyote tutakayoitoa juu ya mtu huyu.

Hukumu inayotolewa mara kwa mara ni kwamba alikuwa mtumishi wa mtesi wa taifa lake. Kuna ukweli ndani yake unaouma. Mwezi Januari 1863 Wapolandi waliasi tena. Uasi ukazimwa mwaka uliofuata, maelfu wakapelekwa Siberia, lugha ya Kipolandi ikaanza kuondolewa mashuleni na maofisini. Miaka hiyohiyo Krzesiński alikuwa akipigiwa makofi Saint Petersburg. Katika opera ya Glinka, Maisha kwa ajili ya Tsar, ya mwaka 1836, opera iliyobeba uzalendo wa dola kuliko zote, Wapolandi ni maadui wanaotaka kukinyakua kiti cha Urusi, nao hutambulishwa kwa dansi: polonaise, krakowiak, waltz, mazurka. Krzesiński aliicheza mazurka hiyo, hata akaicheza pamoja na bintiye Mathilde. Mpolandi wa kweli akavaa vazi la Mpolandi adui na kucheza mbele ya mahakimu wa taifa lake. Msomaji anayekunja uso hapa ana haki ya kuukunja.

Lakini anayemhukumu amwambie pia angecheza wapi. Majumba ya maonyesho ya Warsaw yenyewe yaliendeshwa chini ya utawala wa Urusi, kwa kibali chake na fedha zake. Mtunzi wa piano kama Chopin aliweza kuihamisha nchi yake hadi Paris ndani ya mkoba wa karatasi. Mcheza dansi hana karatasi. Anahitaji jukwaa, okestra, mwenzi wa kucheza naye na vijana wa kuwarithisha, na vitu hivyo havikuwepo popote kwa Mpolandi isipokuwa chini ya bendera ya mtu mwingine. Uchaguzi uliokuwa mbele yake ulikuwa mwembamba: acheze au asicheze, na akicheza, acheze vipi. Kwa hili la pili alikuwa huru kuliko tunavyodhani. Angeweza kumfanya Mpolandi wa jukwaani kuwa kikaragosi, mtu wa majivuno ya kuchekwa, na labda hakuna ambaye angelalamika. Hakufanya hivyo. Alimchezea adui kwa hadhi kiasi kwamba watu wa dola walitaka kujifunza kutembea kama yeye. Katika opera iliyotungwa ili wamshinde Mpolandi, watazamaji walitoka wakitamani mazurka yake. Huo si ukombozi, wala sitaki kumpandisha hadi ushujaa ambao hakuudai. Ni kazi iliyofanywa kwa uaminifu mahali pagumu, nami naiheshimu.

Wengine huja na hoja ya historia: mazurka ilikuwa Urusi kabla yake, kwa hiyo deni liko wapi? Ni kweli ilikuwepo. Tolstoy, katika Vita na Amani, anamweka afisa Denisov kwenye dansi ya vijana mjini Moscow katika miaka ya vita na Napoleon, muda mrefu kabla Krzesiński hajazaliwa. Denisov ni mfupi, asiyevutia kwa umbo, na Tolstoy anaeleza kwamba ufupi wake ulisahaulika katika hali mbili tu: akiwa juu ya farasi na akiwa katika mazurka. Na sifa yake imepimwaje? Kwa kuwa alisifika kwa mazurka hata Poland kwenyewe. Mwandishi mkuu wa Urusi anakiri bila kulazimishwa kwamba mizani ilikuwa kwa Wapolandi. Kwa hiyo kuwepo kwa mazurka kabla ya Krzesiński hakufuti deni. Kunalirudisha nyuma kwa nusu karne na kulifanya kubwa zaidi. Alichokileta yeye ni ukamilifu wa jukwaani na mafunzo ya ana kwa ana, wakati ambapo ngoma hii ilikuwa kiini cha maisha ya watu wa tabaka lile. Msomaji wa Anna Karenina anakumbuka Kitty anavyoingoja mazurka usiku wa dansi, amewakataa wengine kwa sababu ana hakika Vronsky atamwomba, kisha anamwona Vronsky akiicheza na Anna. Maisha ya watu yaliamuliwa katika mapigo yale matatu. Urusi ilijiona ndani ya mazurka, na mwalimu wa mazurka alikuwa Mpolandi.

Ipo na hoja ya wapenzi wa ngoma za asili, nayo inanigusa zaidi kuliko zote. Wanasema mazurka ya jukwaani ni ya bandia. Mkulima wa Mazovia asingeitambua. Ninawakubalia kwa kiasi. Kila hatua kati ya kijiji na jumba la opera iliondoa kitu. Uhuru wa kubuni papo hapo ulipungua, jasho likafutwa, umaskini ukavalishwa hariri. Mkulima aliyeianzisha hakupata chochote, hata jina. Lakini dansi za vijijini zilikuwa zikibadilika zenyewe pia, na kilichovuka salama si kidogo: mkazo ule wa ajabu kwenye pigo la pili na la tatu, uzito unaokwenda ardhini kabla ya kuinuka, heshima kati ya mwanamume na mwanamke. Vitu hivyo havikuvuka kwa maandishi. Mwishoni mwa karne hiyo Vladimir Stepanov alibuni alama za kuandikia dansi, na kwa alama hizo baleti nyingi za Petipa zimehifadhiwa kwenye karatasi ambazo sasa ziko Chuo Kikuu cha Harvard. Karatasi inasema mguu uende wapi na lini. Shingo ikaeje, hilo hutoka kwa mtu aliyekua nalo, akimwonyesha mwingine chumbani. Kwa mazurka ya Saint Petersburg, Krzesiński alikuwa mtu huyo.

Hapa ndipo naiona kasoro ya namna historia ilivyoandikwa. Dola hupenda kusema kwamba ilizilea sanaa za watu wake wote, na mazurka huletwa kama ushahidi: tazameni, tuliwapenda Wapolandi, tuliicheza ngoma yao katika majumba yetu. Ushahidi huo unasema kinyume. Utawala uliomtaka Mpolandi afundishe dansi Saint Petersburg ndio uliomzuia mtoto wa Mpolandi kusomeshwa kwa lugha yake Warsaw. Kuipenda ngoma ya mtu ni rahisi, kwa kuwa ngoma haidai ardhi wala bunge. Kwa sababu hiyo mapenzi ya watawala kwa mazurka hayapaswi kuhesabiwa kama fadhila kwa Poland. Yahesabiwe kama faida waliyoipata Warusi kutoka kwa Poland, tena bila malipo kwa taifa lililoitoa. Petipa Mfaransa, Johansson Mswidi na Cecchetti Mwitaliano husifiwa, kwa haki kabisa, kama waalimu wa kigeni walioijenga baleti ya Urusi. Krzesiński huwekwa nje ya safu hiyo kwa sababu alikuwa raia wa dola, na ndani ya dola akawekwa kwenye kona ya dansi za uhusika. Amekosa kuwa mgeni mheshimiwa na amekosa kuwa mwenyeji kamili.

Hata familia yake ilikataa kuingia kwenye picha ya utumishi mtiifu. Mwaka 1905, mwaka aliofariki mzee, wasanii wa baleti walijiunga na vuguvugu la migomo, na mwanawe Joseph, naye mcheza dansi ya uhusika, akafukuzwa kazini kwa sehemu aliyoichukua. Baadaye alirudishwa, akaendelea kuishi Saint Petersburg chini ya utawala mpya, akafia humo mwaka 1942 wakati wa mzingiro, mji ukiwa sasa unaitwa Leningrad. Mathilde alikimbia mapinduzi, akafungua shule ya baleti Paris mwaka 1929, akaishi hadi mwaka 1971. Dansi ya uhusika nayo ikapata kitabu chake cha mafunzo mwaka 1939, kazi ya Alexander Shiryaev na wenzake wawili, na mazoezi yake bado hufundishwa katika shule za baleti. Kijana anayeshika fito ya mazoezi leo na kugonga kisigino kwa mkazo wa pigo la pili anafanya jambo lililopita mikononi mwa watu hawa.

Feliks Krzesiński alifariki akiwa amepita miaka 80, akazikwa Warsaw katika makaburi ya Powązki, miaka 13 kabla Poland haijarudi kwenye ramani. Naziomba kampuni zinazoonyesha Paquita, Swan Lake na Mrembo Aliyelala ziandike katika vijitabu vyao vya onyesho mazurka ilitoka wapi na nani aliifundisha, kwa jina lake la Kipolandi. Ni mistari miwili mitatu, haigharimu kitu. Nawe msomaji, siku utakayoiona mojawapo ya baleti hizi kwenye skrini, usiondoke mara tu nyota wa nguo nyeupe anapomaliza. Subiri buti ziingie.